Kofia ya Mpira Kwenye Sanduku la Bibi

Kofia ilikuwa chini kabisa, chini ya vitenge viwili ambavyo Bibi hakuwahi kuvivaa na vyeti vya ubatizo vya watu ambao nusu yao tumeshawazika. Yeye mwenyewe tulikuwa tumemzika wiki mbili zilizopita. Mama alikuwa ananipa vitu kimoja kimoja kutoka sandukuni, mimi navipanga mkekani, nikasikia harufu kabla sijaona chochote. Mpira na poda. Wengine sijui inawakumbusha nini, lakini mimi nikisikia mpira na poda kwa pamoja, magoti yanakuwa ya mtoto wa miaka kumi na mbili, na macho yanaanza kutafuta mlango uko wapi. Nilimwambia Mama asubiri kidogo. Nikatoka nikasimama nje penye upepo, na upepo wa kwetu mnaujua, hauna huruma na mtu anayelia.

Kofia ile niliitupa mwenyewe kwenye shimo la majivu nyuma ya jiko. Miaka yote nilikuwa na hakika imeoza huko pamoja na maganda ya maharage. Sasa ipo, nyeupe, laini, imepakwa poda kila mahali ili isigandane. Mpira wa kofia za kuogelea ukiachwa bila poda unashikana na kuchanika. Kwa hiyo mtu alikuwa anaipaka, tena mara nyingi.

Ili mnielewe lazima nianze na nadhiri. Nilipokuwa na miezi minane nilishikwa na degedege. Mama alikuwa hoi na homa yake mwenyewe, Baba yuko mjini, Kizwite, kwenye useremala wake, basi Bibi akanifunga mgongoni akaanza safari ya zahanati, kwa miguu, kwenye tope la Machi. Njiani nikalegea, nikawa baridi. Bibi akasimama katikati ya njia akamwambia Mungu: huyu ukiniachia, nitakurudishia, atakuwa sista. Hapo hapo nikalia. Basi, mambo yakawa yamekwisha. Wenyewe wawili walishapatana, na mimi ndiye niliyelia kwa wakati mbaya.

Nikakua hivyo, mtoto wa ahadi. Mgeni akija Bibi ananionyesha kama mtu anavyoonyesha mbuzi wa Krismasi. "Huyu ni wa masista," anasema, na mgeni anatikisa kichwa kwa heshima. Wenzangu walitogwa masikio, mimi nikaambiwa masista hawavai hereni. Nikichafua gauni, sista gani huyo. Nikipigana na mtoto wa jirani, sista gani huyo. Na kila nadhiri ilipotajwa, Mama aliinuka akachukua ndoo kwenda kisimani, hata kama mitungi yote imejaa. Mimi nilielewa kwamba Mama ana kazi nyingi na hana neno. Nilielewa kwamba amekubali.

Nilichokitaka mimi kilikuwa kitu kidogo sana. Siku moja Baba alinipakia kwenye baiskeli akanipeleka mjini, Mazwi, na pale nilimwona mwanamke mnene ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka la vitambaa, anakula andazi taratibu, watu wanamsubiri amalize. Hakuna aliyemwambia inuka. Nikasema moyoni, mimi nitakuwa yule. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Sista Gaudensia alikuja shuleni kwetu nikiwa darasa la sita. Alikuwa mfupi, ana mabega kama ya mbeba magunia, alizaliwa chini ziwani, Tanganyika, na alifundisha sayansi na michezo. Wiki ya pili tu aliliona lambo. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na mvua zikiwa nzuri linajaa mpaka Julai. Wavulana walikuwa wakijitupa humo na kupiga piga mikono mpaka ng'ambo, macho yamewatoka. Sista aliwatazama kwa muda mrefu. "Hawa hawaogelei," akasema, "hawa wanagombana na maji."

Akaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akatuchukua wasichana wa la sita, akatuingiza majini mpaka kiunoni, tumevaa kaptula za michezo na fulana, meno yanagongana kwa baridi. Akatuambia tuzamishe uso na kupuliza. Wenzangu walipuliza kidogo wakatoka wanakohoa. Mimi nilipuliza mpaka nikabaki mtupu ndani, nikasikia raha ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, kwa sababu kule chini hakuna mtu aliyeniita wa masista. Nilipoinua kichwa Sista alikuwa ananielekezea kidole. "Wewe. Na Fides. Kesho saa kumi."

Nikaenda nyumbani na habari. Bibi alikuwa anapepeta ulezi.

"Shikamoo Bibi. Sista amenichagua."

Akaweka ungo chini. "Sista mwenyewe? Kwa jina lako?"

"Kwa kidole. Ni kuogelea, Bibi."

Neno la kuogelea halikumfikia kabisa. Aliinua macho juu ya paa la jiko akasema, "Nilijua watakuja." Mama akachukua ndoo. Na mimi, ambaye dakika moja nyuma nilikuwa nimefurahi, nikaanza kuona jinsi mambo yalivyopangwa. Kumbe ndiyo njia yenyewe. Wanatuma mmoja wao, anakuchagua mbele ya wenzako, anakufundisha, halafu siku moja unaondoka naye.

Mazoezi yakaanza, na nitawaeleza vizuri maana mpaka leo sijaona mtu anayefundisha vile. Siku ambazo upepo ulikuwa mkali mno hatukuingia majini. Sista alitupeleka shambani kwa shule, kwenye ntumba, yale matuta yetu ya duara ambayo ndani yamefukiwa majani yaoze. Mimi tuta langu, Fides lake. Tunalala kifudifudi, tumbo juu ya tuta, mikono na miguu hewani, tunaogelea udongo. Udongo ule una joto ndani kwa sababu ya majani yanayooza, na harufu yake inaingia mpaka kwenye nywele. Sista anazunguka na kijiti, anagonga kiwiko, anagonga kisigino. "Goti lisikunjike kama unaendesha baiskeli. Mguu uanzie nyonga." Watu waliopita njiani walisimama kutazama. Mzee mmoja aliuliza kama tumeugua.

Majini alikuwa na mambo matatu tu, na aliyarudia mpaka nikayaota. La kwanza, tazama chini. Ukitazama mbele unakokwenda, miguu inazama na wewe unalima maji. La pili, pumzi itoke humo humo majini, yote, ili ukigeuza uso juu iwe kazi ya kuvuta tu. Anayefunga pumzi anachoka mapema, na tena anaogopa. La tatu, mikono iwe michache. Unyooshe mmoja, uteleze, uusubiri, ndipo ulete mwingine. "Usihesabu umepiga mingapi kwa haraka," alisema. "Hesabu mkono mmoja umekupeleka wapi."

Wakati tunavuka lambo yeye alitembea juu ya ukingo sambamba nasi, kanzu ameikunja, rozari mkononi, vidole vinahama punje moja baada ya nyingine. Nilikuwa naiona kila nilipogeuza uso kuvuta pumzi. Nilijua anachofanya. Alikuwa ananiombea, punje kwa punje, ili nadhiri itimie. Tukifika ng'ambo tunatoka, maana huko kwenyewe ni tope la ng'ombe huwezi kugeuka, tunarudi kwa miguu juu ya ukingo tukitetemeka, na Sista anatuambia, "Arobaini na moja leo. Bado ni mingi." Mimi nikadhani ni sala arobaini na moja, na kwamba kuna idadi fulani ambayo ikifikiwa nimekwisha.

Halafu akaleta kofia. Nilikuwa la saba tayari, mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa na lambo lilikuwa limejaa. Alizitoa mfukoni mbili, nyeupe, zimepakwa poda, akamvalisha Fides, akanivalisha mimi. Ilinibana kuanzia paji la uso mpaka nyuma ya masikio, nywele zote zikapotea. Fides akanitazama akacheka, "Umekuwa kama sista." Alikuwa anatania tu. Mimi nikaivua haraka. Niliipeleka nyumbani kama nilivyoagizwa, niioshe na kuianika, na Bibi alipoiona kwenye kamba akaja akaishika kwa vidole viwili. "Wameanza kumvika," akasema. Mama alikuwa mlangoni. Aligeuka akaingia ndani, na siku hiyo hata ndoo hakuchukua.

Ndipo nikaamua kushindwa. Sista alikuwa ametuambia kwamba mwezi wa sita tutakwenda Mbeya, kwenye shule ya masista yenye bwawa la vigae, na atakayeshinda kule atapata nafasi. Nafasi ya nini, nani alikuwa na haja ya kuuliza? Nikapanga kuzembea. Siku ya kwanza ya uzembe wangu niliingia majini nikajiachia. Sikupigana na chochote. Nilinyoosha mkono kivivu, nikaulaza pale mbele, nikauacha, nikafikiria mambo ya andazi, nikaleta mwingine nilipojisikia. Nilipuliza pumzi taratibu kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika popote. Nikagusa tope la ng'ambo, nikageuka kumtafuta Fides ili nione ameniacha kiasi gani. Fides alikuwa bado katikati ya lambo.

Sista alikuwa ananyanyua rozari juu. "Ishirini na sita!" Hakuwa mtu wa kupiga kelele, lakini siku ile alipiga. "Ndicho nilichokuwa nakwambia mwaka mzima. Umeacha kugombana."

Nilikaa kwenye tope nikalia, na yeye akafikiri nalia kwa furaha. Mnaona lilivyonikamata? Nilipojitahidi nilikuwa wa kawaida, na nilipokata tamaa ndipo nikawa hodari. Nilijaribu kurudia uogeleaji wangu wa zamani, kupiga piga, kuinua kichwa, lakini mwili ulikataa. Ulikuwa umeshajua, na kitu ambacho mwili umekijua huwezi kuuamuru ukisahau. Nikijitia nimechoka, Sista anasema, "Acha mchezo, Anakleta." Alikuwa anaona kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Kwa sababu bwawa la kweli lina ukuta na lambo halina, alichukua ubao wa darasa uliopasuka, akausimamisha kwenye maji ya kina kifupi, wavulana wawili wakaushikilia kwa nyuma, nasi tukafundishwa kugeuka. Gusa, kunja magoti, weka nyayo, sukuma. "Ukuta si wa kupumzikia," alisema. "Ukuta ni wa kusukuma." Tulifanya wiki tatu, mpaka ubao ukavunjika kabisa na wavulana wakawa na malengelenge. Nilikuwa nageuka vizuri kuliko Fides. Naomba mlikumbuke hilo.

Tulikwenda kwa basi la abiria, Sista katikati, mimi dirishani. Mama aliniaga bila kunitazama usoni. Alinifunga skafu shingoni, akaifungua, akaifunga tena. Bibi alinichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayeweka alama kwenye gunia lake. Njia nzima nilitazama ile nchi yetu ya nyasi na upepo inavyokwisha kipande kwa kipande, nikajiambia niangalie vizuri. Sikula. Sista alinimenyea yai nikalishika mkononi mpaka Mbeya.

Bwawa lilinitisha. Maji yalikuwa safi, yana harufu ya dawa, na yalionyesha sakafu, kwa hiyo ukilala juu yake unaona jinsi ulivyo juu. Pembeni walikuwa wamekaa masista kama kumi, wanatabasamu, wote vichwa vyeupe. Mmoja wao, mzee, alitushika mikono. "Hawa ndio wa Sumbawanga? Karibuni, mmefika nyumbani." Nyumbani. Nikaona kila kitu kimeshaandikwa, kilichobaki ni mimi kuvuka maji.

Tulikuwa wasichana sita, kwenda na kurudi. Filimbi ilipolia bado nilikuwa na nia ya kuwa wa mwisho. Lakini nilikuwa naogopa sana, na nilipokuwa naogopa nilikuwa nimejifunza kufanya jambo moja tu, kupuliza. Nikapuliza, nikatazama chini, mkono ukanyooka wenyewe. Maji yale mepesi, bila tope, yalinibeba kwa urahisi wa kuniudhi. Nilipogeuza uso kulia sikuona mtu. Kushoto sikuona mtu. Chini yangu mstari mweusi wa vigae unakimbia kurudi nyuma, na mbele, ukuta.

Niligusa. Nilijua kabisa kinachofuata, magoti, nyayo, sukuma. Nikikaa hapo nikasukuma, nimeshinda, na nikishinda sirudi tena kwetu. Nikaweka viganja juu ya ukingo, nikajivuta, nikatoka majini. Nikaanza kurudi kwa miguu, nikizunguka bwawa, polepole, mikono nimeikumbatia, vile vile tulivyokuwa tukifanya lamboni.

Halafu walicheka, na kucheka kwenyewe si kwa ubaya, hata masista walifunika midomo. "Jamani, kwao hakuna kurudi," sauti moja ikasema. Mwingine, "Wafipa wanaogelea kwenda, kurudi wanatembea." Nilitembea katikati ya kicheko hicho nikiwa nimeinamisha kichwa, na ndani nilikuwa nashukuru kila aliyecheka. Mtu ambaye hakucheka alikuwa mmoja. Sista Gaudensia alikuwa amesimama mwisho wa bwawa, rozari mkononi, kidole kimesimama kwenye punje moja. Nilipomfikia alinifunika kanga mabegani. "Umepata baridi," akasema. Hakusema kingine mpaka Sumbawanga.

Fides ndiye aliyepata nafasi. Mimi nilimlilia. Tulipofika nyumbani nilimpa sweta langu zuri, la bluu, kwa sababu niliamini kule aendako hatapewa la rangi tena. Alilipokea haraka, hakuniuliza sababu. Kofia nikaipeleka shimo la majivu jioni ile ile, nikaifukia kwa kijiti. Bibi alipopewa habari hakukasirika hata kidogo. "Maji yamemkataa," alisema, "Mungu hataki yale ya kuzungukazunguka. Mtihani ukiisha nitampeleka mwenyewe, kwa masista wa hapa hapa. Nimeshazungumza nao. Januari."

Kwa hiyo nilikuwa nimetoka majini bure. Nilifanya mtihani wa la saba nikiwa naona Januari mbele yangu kama nilivyouona ule ukuta. Oktoba, siku moja, nilimkuta Fides kisimani, mama yake amemnunulia viatu vyeusi na yeye ameenda navyo kisimani ili tuvione. Nikamuuliza kama haogopi.

"Niogope nini?"

"Kuwa sista."

Fides alinitazama mpaka ndoo ikafurika. "Nani kakwambia? Wewe, ile ni shule. Sekondari. Wapo mpaka Walutheri. Waislamu wapo. Mimi nakwenda kusoma, nikimaliza narudi zangu niolewe."

Sikuchota maji. Nilikwenda moja kwa moja nyumba ya masista, nikaambiwa Sista Gaudensia yuko lamboni. Lambo lilikuwa limekauka, limebaki dimbwi dogo katikati na ng'ombe wamelizunguka, tope lote limepasuka vipande. Alikuwa amekaa kwenye ukingo, peke yake, anasahihisha madaftari.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba, Anakleta."

"Sista, kofia ilikuwa ya nini?"

Akaweka kalamu. "Ya nywele. Nywele zinavuta maji, zinakuchelewesha. Kwani ulifikiri nini?"

"Na rozari?"

"Rozari ipi?" Kisha akaelewa, akaona haya kidogo. "Nilikuwa nahesabu mikono yako. Kwa vidole napotea. Mungu atanisamehe."

Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, nikitazama ng'ombe. Habari ya tope la Machi, ya mbuzi wa Krismasi, ya Januari. Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo kwa mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakusanya madaftari, akayapanga, akayapangua.

"Pale ukutani hukukosea," akasema.

"Hapana, Sista."

"Najua. Nilikufundisha mwenyewe. Nikafikiri umeniona mjinga." Alifuta uso kwa kiganja. "Mtoto, ile shule niliitafuta kwa ajili yako. Niliisikia habari ya bibi yako siku nilipofika hapa. Nikasema huyu akipata shule mbali, akasoma miaka minne, atajua mwenyewe anataka nini, na bibi hatakuwa na la kufanya. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikamjibu ukweli. Kwetu mtoto hamuulizi sista. Mtoto anaitwa, anakwenda.

"Na mimi sikukwambia," akasema. "Nilifikiri nikifundisha maji inatosha." Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka. "Nafasi ya Fides siwezi kuigusa. Ile imekwenda. Lakini kesho nitakuja kwenu. Nitakaa, nitanyamaza. Utasema wewe."

Alikuja kweli. Bibi alikuwa jikoni anachambua maharage, Mama pembeni anapukuchua mahindi. Bibi alipomwona Sista aliinuka kwa shida, akampa kigoda chake mwenyewe, akakaa chini mkekani. Uso wake uling'aa. "Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kumsindikiza," Sista akasema. "Ana neno." Akatazama sakafu, kama alivyoahidi.

Nikasimama pale mlangoni. Nilijua nikivuta pumzi kwanza nitaifunga, na nikiifunga sitasema. Nikapuliza yote ikatoka, nikabaki mtupu. "Bibi, mimi sitaki kuwa sista."

Maharage yalikuwa yanaanguka kwenye sufuria moja moja. Yakaacha. Bibi hakunifokea, na ningependa angenifokea. "Nilimwambia Mungu aniachie," akasema. "Akaniachia. Ulikuwa umekufa, wewe. Sasa unataka nikamwambie nilikuwa natania?"

Nikamtazama Sista, naye anatazama sakafu, na kwa muda huo nilimchukia kabisa. Nikaona nimerudi pale pale, tena safari hii hakuna ukingo wa kushika. Ndipo nikasikia kwamba na mahindi yameacha kuanguka.

Mama hakuwahi kumpinga mama mkwe wake mbele yangu. Hata kuhusu chumvi. Aliongea akiwa ameshika gunzi, anatazama gunzi.

"Mama, siku ile ulipomtoa hukuniuliza," akasema. "Nilikuwa mgonjwa, lakini nilikuwepo. Alikuwa wa kwangu."

Ndipo nilipojua zile ndoo zote zilikuwa za nini. Mwanamke yule alikuwa amebeba maji yasiyohitajika miaka kumi na mitatu ili asilie mbele ya watu, na mimi nikahesabu kuwa amekubali. Bibi alimtazama Mama. Kisha akavuta sufuria karibu na magoti yake.

"Mwondoeni huyu mtoto mlangoni," akasema. "Ananizibia mwanga."

Ndivyo nilivyoachiliwa. Hakuna aliyetamka kwamba nimeachiliwa. Januari ikafika, ikapita, nikaanza sekondari ya kata kwa miguu kama wengine. Fides alisoma kwenye shule yenye bwawa, sasa ni nesi. Sista alihamishwa mwaka uliofuata, akarudi ziwani, na hatukuonana tena. Sikuogelea mashindano mengine. Nina duka la vitambaa Mazwi na kiti cha plastiki, na andazi nalila taratibu. Nimetoga masikio.

Bibi hakuwahi kuitaja nadhiri tena. Alizeeka tu, na katika uzee wake akawa na tabia moja iliyotuchekesha wajukuu. Kila Jumamosi, alfajiri, mvua au baridi ya Julai, anachukua ufagio anakwenda kufagia kigango, kanisa letu dogo la kijijini. Usafi wa kigango ulikuwa na zamu za jumuiya, na yeye alikwenda iwe zamu yake au isiwe, peke yake, mpaka mgongo ukapinda. Tulimtania kwamba anataka sifa kwa padri. Nikiwa nyumbani namsikia anavyotafuta viatu gizani, nageukia ukutani navuta blanketi.

Niliporudi ndani kutoka kwenye upepo, Mama alikuwa bado ameketi kando ya sanduku, kofia mapajani. Nikamuuliza kwa nini Bibi aliifukua.

"Alisema kitu kilichokwishatolewa kwa Mungu hakitupwi jalalani," Mama akajibu. "Alikuwa anaipaka poda kila Pasaka." Aliikunja mara mbili. "Wewe hukujua? Wiki ile ile uliyokataa alikwenda kwa padri. Akamwambia ana nadhiri na mtoto amekataa. Padri akamwambia inaweza kubadilishwa, atoe kitu chake mwenyewe, kitu ambacho ni chake kweli. Akatoa Jumamosi zake zote."

Nikakaa kwenye mkeka katikati ya vitenge. Nikajaribu kuzihesabu, nikashindwa, ni nyingi mno. Jumamosi zile zote mimi nilikuwa kitandani nimelala, mtu huru.